Kuiga maumbile ili kutengeneza maada mpya: kemia kweli au stori tamu tu?

#1 KibuyuChaAsidi
Wakuu habari. Nina donge rohoni leo naomba nilitoe hapa.

Kila nikifungua habari za sayansi nakuta kichwa kilekile, kimebadilishwa mnyama tu. Mara gundi ya kome, mara uzi wa buibui unaoshinda chuma, mara ngozi ya papa, mara unyayo wa mjusi kafiri. Haya mambo nayasoma tangu niko shule na sasa hivi kichwa kina mvi, afu nikiangalia vitu vilivyo mezani kwangu sioni hata kimoja kilichotoka kwa buibui.

Sasa linganisheni na Teflon, ile plastiki ya kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Mwaka 1938 Roy Plunkett alifungua mtungi wa gesi, gesi haitoki, ila mtungi ukipimwa bado mzito. Wakaukata kwa msumeno wakakuta unga mweupe unaoteleza. Basi, imeisha hiyo. Hakuna jani wala konokono aliyeombwa ushauri.

Msimamo wangu: kuiga maumbile ni njia nzuri ya kuombea hela za utafiti, ila siyo njia ya kugundua maada. Na anayetaka kunitajia Velcro, zile tepu za kubandika na kubandua za viatu na mikoba, asijisumbue, zile ni ndoano, siyo kemia. Karibuni mnirushie mawe.

#2 MsomajiTu
Nimeshakaa siti ya mbele. Mama_polima yuko wapi?

#3 mama_polima
Nipo, nilikuwa natafuta jiwe la saizi yako.

Kibuyu umejifunga mwenyewe kwenye Velcro. De Mestral wa Uswisi alitoka kutembea na mbwa wake mwaka 1941, akarudi na vitunda vimeng'ang'ania manyoya na suruali, akaviweka chini ya hadubini, hiyo wote tunaijua. Lakini alipotaka kuzitengeneza ndoano zenyewe pamba ilimgomea, kilichomkubali ni nailoni. Na nailoni ni nini? Ni kuiga hariri. Mkemia Carothers na wenzake kule kampuni ya DuPont waliipata mwaka 1935, na kifungo kinachoshika mnyororo wake ni kifungo cha amaidi, kilekile kilicho kwenye protini ya hariri. Kwa hiyo hiyo ndoano yako imeigwa mara mbili, umbo toka kwenye mmea, kemia toka kwa kiwavi.

Na wazo lenyewe ni la zamani sana. Robert Hooke aliandika mwaka 1665 kwamba huenda binadamu akaweza kutengeneza ute na kuuvuta ukawa uzi kama afanyavyo kiwavi wa hariri. Chardonnet wa Ufaransa akaja kulifanya kweli miaka ya 1880 kwa selulosi iliyotiwa naitreti, tatizo ikawa nguo inashika moto kama utambi.

#4 KibuyuChaAsidi
mama_polima heshima yako, ila hapo umepindisha kidogo. Carothers hakuanza na kiwavi. Alikuwa anataka kuthibitisha alichokuwa anakisema mkemia Mjerumani Staudinger, kwamba polima ni molekuli moja ndefu na siyo vimolekuli vidogo vilivyokumbatiana. Alianzia kwenye nadharia, akajenga minyororo kwa makusudi, hariri ikaja kama soko la kuuzia. Ukiniuliza, nailoni ni mtoto wa hesabu za vifungo.

#5 mama_polima
Soko la hariri ndilo lililomlipa mshahara lakini. Haya tuwasikilize wengine.

#6 Fundi Rangi
Mimi nimefanya kazi ya rangi za kupaka kuta na vyuma miaka mingi kidogo, naomba niongee kwa uzoefu maana hapa naona vitabu vimekuwa vingi.

Jani la yungiyungi mnalijua, maji yakidondoka yanakuwa shanga yanabingirika na uchafu. Barthlott, mtaalamu wa mimea Mjerumani, ndiye aliyekaa na hadubini ya elektroni akaonyesha kwamba lile jani siyo laini hata kidogo, lina vinundu vya maikromita chache na juu yake vijiti vya nta vidogo zaidi, kwa hiyo tone linakaa juu ya ncha na hewa iko chini yake. Andiko lake kubwa lilitoka 1997 na mwaka 1999 ikaingia sokoni rangi ya kuta za nje iliyotokana na hilo wazo. Kwa hiyo Kibuyu bidhaa zipo.

SASA kwenye maabara yetu tukajaribu ya kwetu, tukachanganya chembe ndogo za silika na kitu cha kufukuza maji, tukapulizia kwenye bati, jamani lilikuwa linapendeza, unamwaga maji yanakimbia kama yanadaiwa. Wakaja wageni, tukaonyesha, makofi. Mgeni mmoja akachukua kitambaa akapangusa bati kwa heshima tu ili alione vizuri. Pale alipopangusa pakabaki panalowa kama bati jingine lolote na hiyo ndo ilikuwa siku ya mwisho ya ule mradi kutajwa vizuri kwenye vikao.

Nilichojifunza ni hiki. Jani likikwanguliwa nta, mmea unaotesha nyingine. Bati langu halioteshi kitu. Tunaiga ngozi ya kitu kilicho hai afu tunaibandika kwenye kitu kilichokufa, tunashangaa kwa nini haidumu.

#7 Nusu Mole
Hiyo sentensi ya mwisho naichukua naipeleka kwenye tasnifu yangu, nitaandika chanzo ni Fundi Rangi.

#8 JaniBichi
Sahihisho dogo. Barthlott alieleza lotasi, Nelumbo, na yungiyungi ni Nymphaea. Ukiyaona yote kwenye dimbwi yanafanana lakini siyo ndugu wa karibu, lotasi iko karibu zaidi na miti ya proteya kuliko na yungiyungi.

#9 Fundi Rangi
Sawa mwalimu. Bati lilikwanguka vilevile.

#10 Dondoo77
Jamani mmesahau mbuzi!! Kulikuwa na kampuni Kanada ilichukua jeni ya buibui ikaiweka kwa mbuzi ili maziwa yatoke na protini ya uzi, walisema watatengeneza mavazi ya kuzuia risasi. Uzi wa buibui una nguvu mara tano ya chuma, sasa kwa nini hatuna???

#11 bwana_kipimo
Dondoo ngoja tuweke namba sawa kwanza maana hii "mara tano ya chuma" imetembea sana bila kitambulisho.

Uzi ule ambao buibui ananing'inia nao unakatika kwenye gigapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) kama 1.1 hivi. Chuma kizuri kiko 1.5. Kevlar, nyuzi za mavazi ya kuzuia risasi, 3.6. Kwa hiyo ukipima kwa unene, chuma kinashinda. Hiyo mara tano inakuja ukigawanya kwa uzito, maana chuma ni kizito karibu mara sita. Pale buibui anapowapiga bao wote ni kwenye ushupavu, yaani nishati anayomeza kabla ya kukatika, kama megajuli 160 kwa kila mita ya ujazo, Kevlar iko 50 hivi, na hiyo ni kwa sababu uzi unavutika kwanza. Ni vitu viwili tofauti na magazeti yanavichanganya kila siku.

Kuhusu mbuzi, kampuni ilifilisika 2009. Protini waliipata. Kumbe protini ilikuwa nusu ya kazi tu, na labda ile nusu nyepesi. Buibui anahifadhi protini ikiwa nzito kama asali tumboni, imeyeyuka kwenye maji, afu inapopita kwenye mfereji mwembamba asidi inaongezeka, maji yananyonywa, chumvi zinabadilishana, na inavutwa. Haisukumwi, inavutwa. Molekuli zinajipanga zenyewe njiani zikitoka ni uzi mkavu. Joto la kawaida, maji ya kawaida. Kevlar unaizungusha ikiwa kwenye asidi ya salfuriki kali tupu.

Kwa hiyo jibu langu kwa Kibuyu: tunaiga orodha ya viungo, mapishi tunaacha.

#12 KibuyuChaAsidi
bwana_kipimo umenisaidia bila kujua. Kama siri iko kwenye mfereji wa buibui, basi hilo ni tatizo la mashine, siyo la kemia.

#13 bwana_kipimo
Mfereji unaobadilisha asidi na chumvi hatua kwa hatua usipoita kemia utaita nini, ushonaji?

#14 Nusu Mole
Wakubwa mimi ni mwanafunzi tu lakini gundi ya kome nimeishika kwa mikono yangu, kihalisi, na haikutoka kwa siku nne.

Ipo hivi. Kome anajishika kwenye mwamba chini ya maji, mawimbi yanampiga na habanduki, wakati gundi zetu nyingi maji ndo adui namba moja. Herbert Waite kwenye miaka ya mwanzo ya 80 akakuta protini zake zimejaa kitu kinaitwa DOPA, ni tairosini, moja ya asidi amino za protini, iliyoongezewa oksijeni moja. Ile pete ya atomi za kaboni yenye oksijeni mbili jirani inashika metali, inashika oksaidi za mwamba, ikioksidika inajifunga na wenzake. Sasa mwaka 2007 kundi la Messersmith likasema kwa nini tuhangaike na protini nzima, tuchukue dopamini tu, molekuli ndogo yenye ileile pete na amini pembeni, tuitie kwenye maji yenye pH 8.5, yaani alkali kidogo, tuiache. Inajifunika yenyewe juu ya chochote ulichotumbukiza. Kioo, dhahabu, plastiki, chochote.

Nilifanya hivyo. Jioni maji ya rangi ya waridi, asubuhi chai ya rangi, kesho yake wino. Sampuli yangu ilifunikwa safi kabisa. Na bika ikafunikwa. Na koleo. Na sumaku ya kukorogea. Na kidole maana glovu ilikuwa na tundu. Msimamizi wangu akauliza mbona maabara imepakwa lami.

#15 MsomajiTu
Nimecheka mpaka nimemwaga maji kwenye kibodi na siyo ya lotasi, yamelowa yote.

#16 mama_polima
Nusu Mole ngoja, ngoja. Sumaku ya kukorogea imefunikwa? Ile si inavishwa Teflon?

Kibuyu uko wapi. Maada yako ya mwaka 1938 ambayo haishikwi na kitu, kome ameishika.

#17 KibuyuChaAsidi
Sumaku ya mwanafunzi huyo ni kuukuu imejaa mikwaruzo, uchafu umekaa kwenye mikwaruzo. Usinijengee nyumba juu ya sumaku moja.

#18 mama_polima
Teflon ilikuwemo kwenye orodha ya vitu walivyovifunika 2007. Siyo sumaku moja.

#19 KibuyuChaAsidi
Sawa imeshika, nimekubali. Swali langu linabaki palepale, gundi yenyewe iko wapi? Miaka zaidi ya 40 toka Waite.

#20 mama_polima
Iko kwenye mbao. Kaichang Li wa Chuo Kikuu cha Oregon State aliwaangalia hao hao kome, akajiuliza kama protini ya soya inaweza kurekebishwa ishike ikiwa mbichi, ikafanikiwa, na kuanzia katikati ya miaka ya 2000 kiwanda cha plaiwudi kikaitumia badala ya gundi yenye fomaldehaidi. Hakuna kome hata mmoja ndani yake, wala huioni, ndo maana unadhani haipo. Wewe unataka bidhaa iliyoandikwa "KOME" kwa herufi kubwa.

#21 KibuyuChaAsidi
Hiyo sikuijua. Nusu pointi.

#22 Dondoo77
Afu soya siyo kome, ni kuiga kwa kuiga. Mi nimechanganyikiwa sasa kuiga ni nini

#23 JaniBichi
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu na naona limerukwa.

#24 Mtu wa Nyaya
Mimi ni wa umeme napita tu. Mjusi kafiri je, mmefikia wapi? Maana nilisoma ni umeme tuli, mwingine akaniambia ni unyevu, nikaacha kusoma.

#25 bwana_kipimo
Hapo ndugu umeingia kwenye ugomvi wa familia. Unyayo wake una vinyweleo karibu nusu milioni, kila kinyweleo kinagawanyika mwishoni kuwa visahani vya upana wa nanomita 200 hivi. Mtafiti anayeitwa Autumn na wenzake walipima kinyweleo kimoja mwaka 2000, na 2002 wakaonyesha kwamba kinashika uso unaopenda maji na unaochukia maji karibu sawasawa, wakasema basi ni nguvu za van der Waals, yaani mvutano mdogo kati ya molekuli zilizokaribiana, siyo maji. Mwaka 2005 kundi jingine likapima kisahani kimoja likakuta hewa ikiwa na unyevu kinashika zaidi, wakasema maji yamo. 2014 wengine wakaja na chaji, unyayo ukigusa uso elektroni zinahama, kama unachosema wewe. Wengi bado wako upande wa van der Waals, na unyevu wanasema unalainisha tu kinyweleo kikagusa vizuri. Ila anayekuambia kesi imefungwa usimwamini.

#26 Mtu wa Nyaya
Kwa hiyo mnaiga kitu ambacho hamjakubaliana kinafanyaje kazi. Kwenye umeme tungekuwa tumeshakufa wote.

#27 mama_polima
😂😂 Na kuna kichekesho. Andre Geim alitengeneza tepu ya mjusi mwaka 2003, vinyweleo vya polima vimesimama wima, ikashika kweli, ila baada ya kubandika na kubandua mara chache vinyweleo vikalaliana vikagandana ikafa. Nobeli akaja kuipata 2010 kwa grafini, tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja, ambayo waliipata kwa kubandua penseli kwa selotepu ya kawaida ya dukani.

#28 KibuyuChaAsidi
NARUDIA. Kwa selotepu ya kawaida. Nimemaliza mheshimiwa hakimu.

#29 TembeaPole
Kibuyu usishangilie mapema. Mbona hamjamtaja mbawakawa wa Jangwa la Namib? Huyu kwangu ndo mfano bora. Mgongoni ana vinundu vinavyopenda maji na katikati mabonde ya nta yanayofukuza maji. Asubuhi ukungu ukija anainamisha kichwa anainua makalio, matone yanakua kwenye vinundu, yakizidi uzito yanabingirika kwenye nta mpaka mdomoni. Ilitoka kwenye jarida la Nature 2001. Maabara nyingi zimetengeneza nyuso za namna hiyo na zinakusanya maji kweli.

#30 JaniBichi
TembeaPole hadithi hii naipenda na inaniuma kuiharibu. Mwaka 2010 Nørgaard na Dacke waliwaweka kwenye ukungu mbawakawa wa aina nne, wenye vinundu na wasio na vinundu. Aliyeinama ni mmoja tu, Onymacris unguicularis, na huyo hana vile vinundu. Wale wenye vinundu, akiwemo Stenocara anayetajwa kila mahali, hawakuinama. Kwa hiyo mwenye tabia hana mgongo, na mwenye mgongo hana tabia.

#31 TembeaPole
Kwa hiyo nimekuwa nikiwasimulia watu uongo?

#32 JaniBichi
Umewasimulia mbawakawa wawili ukawafanya mmoja. Si wewe peke yako.

#33 Nusu Mole
Subirini lakini, hizo nyuso za maabara zinafanya kazi. Vinundu vinavyopenda maji juu ya uso unaochukia maji vinakusanya ukungu, fizikia haijali kama mdudu aliinama au hakuinama. Labda maumbile hata yasipokuwa mwalimu sahihi yanakupa wazo. Kusikia vibaya nako kunazaa.

#34 KibuyuChaAsidi
Ndo nilichosema toka posti ya kwanza! Wazo lingekuja hata kwa kuangalia sufuria.

#35 Nusu Mole
Ila halikuja.

#36 Fundi Rangi
Nirudi kidogo kwenye kitu kinachonikera. Nyuso nyingi hizi za "asili" zinazofukuza maji, ukiuliza zimepakwa nini unaambiwa florini. Zile kemikali za florini zisizooza. Jani linatumia nta ya kaboni, haidrojeni na oksijeni kidogo tu. Hata zile nyuso telezi za Aizenberg wa Harvard za 2011, zilizotokana na mmea wa Nepenthes wenye vikombe vya kunasia wadudu, wazo ni zuri sana, unaloanisha uso wenye vitundu kwa kimiminika afu kila kitu kinateleza juu yake, na likikwaruzika kimiminika kinajaza chenyewe, hapo angalau limejibu kilio cha bati langu. Lakini za kwanza zilitumia mafuta ya florini. Mmea unatumia maji ya mvua! Sasa hapo tumeiga nini?

#37 mama_polima
Umbo tumeiga, kemia tumeacha. Kinyume cha soya. Fundi Rangi hapo nakuunga mkono mia.

#38 bwana_kipimo
Mimi naongeza upande wa pili, tusiyafanye maumbile malaika. Watu wanapenda kusema bakteria wanageuza naitrojeni kuwa amonia kwenye joto la kawaida wakati sisi viwandani kwa njia ya Haber tunahitaji nyuzi 400 hadi 500 na kanieneo zaidi ya mara 100 ya hewa. Kweli. Ila kimeng'enya chenyewe kinakula angalau ATP 16 (molekuli za nishati za seli) kwa kila molekuli moja ya naitrojeni, kiko taratibu, na oksijeni ikikigusa kinakufa. Bei ipo, imeandikwa ukurasa mwingine tu. Maumbile hayatafuti kilicho bora, yanatafuta kinachotosha kufika kesho.

#39 Dondoo77
Hiyo ya kufika kesho ni mimi na masomo yangu

#40 KinyongaMweupe
Salamu wakuu, nimesoma kurasa zote. Nyie mnaongelea kushika na kuteleza tu, rangi hamzitaki? Kuna tunda linaitwa Pollia condensata, la bluu linang'aa kama chuma na halina kemikali ya rangi ya bluu hata chembe ndani yake. Ni selulosi tu, matabaka yamepangwa kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara, mwanga wa bluu ndo unarudi. Walilichunguza 2012, na sampuli moja ya Ghana iliyochumwa 1974, kavu kabisa, bado inang'aa vilevile. Hapo Fundi Rangi hakuna cha kuotesha tena, limekufa na halijapauka. Cambridge wameshatengeneza pambo la kumetameta kwa selulosi hiyohiyo mwaka 2021.

#41 Fundi Rangi
Haa. Hii imenipiga. Basi nadharia yangu ya kitu hai na kitu kilichokufa ina tundu.

#42 JaniBichi
Siyo tundu sana. Rangi haifanyi kazi ya kusuguliwa, imekaa ndani ya ganda. Nta ya lotasi iko vitani kila siku.

#43 MsomajiTu
Na kinyonga mwenyewe? Jina lako linadai maelezo.

#44 KinyongaMweupe
Ana vifuwele vya guanini chini ya ngozi, akitulia viko karibu karibu, akichachamaa vinaachana na rangi inahamia upande wa njano na nyekundu. 2015 hiyo, walimpima kinyonga wa Madagaska. Kumwiga ni shughuli maana vifuwele vyenyewe ni rahisi, anayevisogeza ndo kazi.

#45 KibuyuChaAsidi
Orodha ya sababu imekuwa ndefu jamani. Kipimo anasema ni mapishi, Fundi anasema ni uhai, JaniBichi anasema hata mnyama tumemsoma vibaya, mama_polima anasema bidhaa zipo mimi sizioni. Nimekuja na hoja moja nimeondoka na wapinzani wanne wasioelewana wao kwa wao.

#46 mama_polima
Na Teflon iliyoshikwa na kome.

#47 Nusu Mole
Samahani naharibu mjadala, kuna anayejua ile nyeusi inatokaje kwenye vifaa? Msimamizi anarudi kesho.

#48 bwana_kipimo
Loweka kwenye sodiamu haipokloraiti (ile ya kung'arishia nguo nyeupe), au haidrojeni peroksaidi yenye alkali kidogo, inavunjika. Haipokloraiti USIKUTANISHE na asidi, itatoka gesi ya klorini. Na glovu isiyo na tundu safari hii.

#49 Nusu Mole
Mrejesho: bika imetakata, koleo limetakata. Sumaku bado ina kivuli cha kijivu upande mmoja.

#50 KibuyuChaAsidi
Mikwaruzo. Nilisema.